Ng'ombe Walale Wapi

Nilipostaafu jeshi, kiinua mgongo changu kiliishia kwenye bati za nyumba ya Bombo, karo za watoto, na kibanja (haki ya kukaa na kulima juu ya ardhi yenye mwenyewe) cha ekari kumi wilayani Nakasongola, Uganda, ndani kidogo ukiiacha barabara kuu ya Gulu. Wenzangu wa kambini walinicheka wazi. "Afande, unakwenda kulima au kufuga mchwa?" Niliwajibu kwamba wao wamezoea unga wa posho wa stoo, hawajui mahindi hutoka wapi. Kucheka walikuwa na haki, ingawa kilichokuwa kikinisubiri huko hata wao hawakukijua.

Aliyeniuzia alikuwa mchoma makaa. Alikata kila mti wa maana, akabakiza mkwaju mmoja karibu na kisima na kichaka kilichozunguka kichuguu kikubwa, nadhani shoka lilimchosha. Mimi niliona faida: shamba limeshafyekwa, nitalipa vibarua wachache. Akaondoka na lori lake la mwisho, magunia yamefungwa juu kwa nyasi, akaniachia madoa meusi ya matanuri yaliyotapakaa kila upande kama mapunye kichwani mwa mtoto.

Mvua za Machi zilipofika nilipanda ekari nne za mahindi. Kwenye yale madoa ya matanuri yalitoka kijani kilichokoza hadi unadhani ni zao jingine. Nilivuna magunia 36 ya kilo mia mia, nikapiga picha rundo lote na kuwatumia wale wa kambini. Msimu wa pili, ule wa Septemba, magunia 22. Wa tatu, tisa. Hayo tisa tuliyapukuchua jioni moja tu, mama watoto akiniangalia bila kusema neno, na ukimya wa yule mwanamke una uzito kuliko hotuba.

Nieleze jinsi nilivyokuwa nikilima, maana aibu yangu iko hapo. Mtu aliyekaa jeshini miaka ishirini na kitu hawezi kuvumilia uchafu. Kila nilipomaliza kuvuna, nilikusanya mabua, magunzi na majani yote, nikarundika, nikawasha moto. Kilichobaki nilifagia. Sitanii, nilifagia shamba. Mwezi wa kwanza, jua likiwa kali na nyasi zimekauka, nilichoma na kando zote ili nyoka wasipate pa kujificha. Ukisimama kwenye mkwaju ungeona ekari nne zimetulia kama uwanja wa gwaride unaosubiri mgeni rasmi. Nilijivunia hilo. Wapita njia walisifu pia, na waliosifu ndio walionipoteza.

Sehemu ya chini, karibu ekari moja na nusu, ilikuwa tupu tangu siku niliyonunua. Hapaoti kitu. Udongo umeganda juu kama sufuria ya uji iliyosahauliwa, unang'aa jua likipiga. Watoto wa jirani walipaita Entebbe, kwa kuwa ni uwanja wa ndege ulionyooka hauna hata jani. Msimu baada ya msimu, Entebbe ilikuwa inapanuka kuja juu kwenye mahindi yangu.

Halafu mchwa. Msimu wa tatu walianza kukata mahindi yakiwa yamefika magotini. Unalala shamba limesimama, unaamka mstari mzima umelala chini, na kwenye shina pamejengwa kijibomba cha udongo mbichi. Nilichukua hatua za kijeshi. Nilihesabu vichuguu saba, nikapanga kimoja kwa siku, nikachimba na vijana wawili mpaka kwenye chumba cha malkia. Mnono, mweupe, mkubwa kuliko kidole gumba, anapumua kama puto. Tulimtoa, tukamwaga dawa niliyouziwa dukani kwa bei ambayo mpaka leo sijamwambia mama watoto. Baada ya mwezi vichuguu vitatu vilikuwa vimejengwa upya na mahindi yaliendelea kuanguka.

Aliyenifumbua macho alikuwa kijana mchungaji wa mzee jirani yangu, mzaliwa wa upande wa Moroto, kule Karamoja, kaskazini-mashariki mwa nchi. Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, maana mimi Karamoja nilikaa miaka ya zoezi la kukusanya bunduki lililoanza mwaka 2001, na yeye alikipata kwa askari hao hao akiwa mtoto. Alipita na ng'ombe akanikuta ndani ya shimo nimelowa jasho, nimeshika jembe kama bazuka.

"Shikamoo mzee. Umempata?"

"Marahaba. Nimempata."

Akachungulia, kisha akaangalia shamba zima, polepole, kama mtu anayehesabu mifugo. "Mzee, wewe unafagia kila kitu. Sasa mchwa ale nini?"

Nilimjibu vibaya. Niliona ananifundisha kazi. Lakini usiku swali lilikataa kuondoka. Mchwa hula mabua makavu, majani yaliyoanguka, kuni zilizooza, mavi ya ng'ombe. Vyote hivyo mimi nilikuwa nimevichoma, na yule aliyenitangulia alikuwa ameibeba miti kwenye lori. Chakula pekee kilichosalia kwenye ekari nne kilikuwa mahindi mabichi niliyoyapanda kwa mikono yangu, yamepangwa kwa mstari.

Nilikumbuka pia kitu nilichokiona Karamoja bila kukitilia maanani. Wale watu huhamisha mazizi. Boma la miiba likiachwa, baada ya mvua utaona mtama umesimama pale pale palipolala ng'ombe, mrefu kuliko wa mahali pengine, na mara nyingine maboga au tumbaku. Sisi tulikuwa tukipita na mizigo mgongoni, macho yanatafuta bunduki. Nani angeangalia mtama.

Binti yangu wa chuo akaniambia, "Baba, peleka udongo upimwe." Maabara ya taifa ya utafiti wa kilimo iko Kawanda, na Kawanda iko njiani kabisa ukitoka Kampala, hujafika Bombo. Nimeipita mara elfu. Nikajaza mfuko mmoja wa plastiki, koleo moja hapa, koleo moja kule, kutoka shamba zima na Entebbe na karibu na kisima, nikapanda taksi.

Fundi aliyenipokea, kijana mpole, aliuliza udongo ni wa wapi. Nikamwambia wa kila mahali, ili apate picha kamili. Akacheka kwa adabu. "Mzee, ukimimina supu na maji ya kunawa kwenye bakuli moja, utaonja nini?"

Akanieleza upya. Kila eneo lenye hali yake lipewe mfuko wake. Ndani ya eneo hilo tembea kwa kupindapinda, chukua udongo sehemu kumi na tano hadi ishirini, kina cha sentimita ishirini, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, kisha toa nusu kilo tu. Kausha kivulini. Usichukue kwenye jivu, wala kwenye njia ya ng'ombe, wala mahali palipomwagwa mbolea. Nikarudi Nakasongola na funzo langu na nauli imeliwa bure.

Mara ya pili nilipeleka mifuko minne. Wa kwanza, shamba la mahindi. Wa pili, Entebbe. Wa tatu, chini ya kile kichaka alichokiacha mchoma makaa. Wa nne, kwenye zizi la zamani mpakani na jirani, lililoachwa kabla sijanunua mimi. Kutoka mfuko wa kwanza hadi wa nne hata sigara moja huimalizi ukitembea. Mvua ni ile ile, jua ni lile lile, na udongo wa asili, alivyonithibitishia fundi, ni wa aina moja.

Majibu yalipokuja ungedhani ni nchi nne. Shamba: naitrojeni ndogo, fosforasi ndogo, mboji chini ya kiwango, potasiamu tu ndiyo ilijikongoja, nayo ilikuwa masazo ya jivu la matanuri. Entebbe: kila mstari mdogo, mboji karibu hakuna. Kichaka: mboji nzuri, naitrojeni nzuri. Zizi la zamani: fosforasi na potasiamu zimefurika, ingawa ng'ombe hawajalala hapo kwa miaka. Binti yangu baadaye alinisomea kwenye simu kwamba mwaka 2018 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa kusini-magharibi mwa Kenya uliokuta mahali palipokuwa na mazizi ya wafugaji wa kale, mengine ya miaka kama 3,000 iliyopita, bado pana rutuba kuliko pembeni. Nilimwambia arudie hiyo namba.

Nilikaa na daftari chini ya mkwaju nikapiga hesabu aliyonifundisha fundi. Gunia la kilo mia la mahindi makavu huondoka na kama kilo moja na nusu ya naitrojeni. Misimu mitatu nilivuna magunia 67. Hiyo ni takriban kilo mia moja za naitrojeni zilizopanda lori kwenda Kampala, ambazo ukitaka kuzirudisha kwa mbolea ya dukani ya urea unahitaji zaidi ya mifuko minne ya kilo hamsini. Mimi nilikuwa nimerudisha sifuri. Na hayo ni mahindi peke yake. Mabua niliyoyachoma nayo yalikuwa na sehemu yake: naitrojeni karibu yote ikapaa na moshi, na jivu lililobaki na potasiamu na chokaa likapeperushwa na upepo au likaoshwa na mvua ya kwanza, kwa sababu nilikuwa nimeshafagia kila kitu ambacho kingelizuia. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na mimi sikuchovya kidole, nilitia bakuli.

Watafiti waliwahi kukadiria kwamba kwenye mashamba ya nchi 37 za Afrika, kwa wastani, kila hekta ilipoteza kwa mwaka kilo 22 za naitrojeni, kilo 2.5 za fosforasi na kilo 15 za potasiamu, mfululizo wa miaka thelathini. Niliposikia hivyo nilipata faraja ya mwizi aliyegundua kuwa kijiji kizima kinaiba.

Lakini zile gunia 36 za msimu wa kwanza zilitoka wapi? Hilo ndilo linalowadanganya wengi wanaonunua ardhi iliyofyekwa juzi. Miti ile ilikuwa imevuta lishe kutoka chini sana kwa miaka mingi, ikaidondosha juu kwa majani. Mchoma makaa aliuza miti, mimi nikauza majani yaliyooza. Na kwenye joto letu, udongo ukishachanuliwa kwa jembe na kuachwa wazi, mboji huyeyuka upesi, nyingi hupotea miaka michache ya mwanzo. Udongo wetu huu ni mzee, umeoshwa na mvua tangu zamani. Chembe zake za mfinyanzi hazina nguvu ya kushika lishe. Anayeshika ni mboji. Ikienda, hata ukileta mbolea ya duka haina pa kukaa.

Hilo nililijaribu, nisije nikaonekana nasema tu. Nilinunua mfuko mmoja wa urea nikaunyunyiza kwenye kipande kilicho jirani na Entebbe. Jioni ikanyesha mvua ya kishindo. Asubuhi nilikuta mfereji mdogo umejichora kutoka pale hadi barabarani, na nyasi za kando ya barabara mwezi huo zilinawiri ajabu. Mbuzi wa watu walinenepa kwa pesa yangu. Siipingi mbolea ya duka, niliiweka kwenye kuta bila paa.

Siku moja nilifanya kitu cha kitoto. Nilichukua kikombe cha chai na simu ya kuhesabu muda. Nikamimina kikombe cha maji Entebbe: maji yalitandaa, yakakimbia, yakaniacha na unyevu usiozidi ngozi. Nilipokwaruza kwa kucha, chini palikuwa vumbi kavu. Shambani yalisimama kidogo yakizunguka kama hayana uhakika. Chini ya kichaka nilimimina na kabla sijabonyeza simu yalishazama. Nilipochimbua, udongo ulikuwa mweusi, unashikana na kuachia, una vijibomba vya mchwa kila mahali. Mchwa wale wale. Pale ndani walikuwa na majani ya kula, na vijibomba vyao ndivyo vilivyokuwa mlango wa maji. Nilikaa chini nikajicheka peke yangu.

Ndipo nilipokwenda kwa mzee jirani. Ana ng'ombe kama arobaini, wanalala zizi moja nyuma ya nyumba yake miaka nenda rudi, samadi imepanda hadi ndama wanazama. Fikiria safari ya hiyo rutuba: ng'ombe wanakula nyasi kutwa nzima kwenye eneo pana, wanakuja kuimwaga usiku mahali padogo kama uwanja wa mpira wa watoto. Malisho yanafilisika, zizi linatajirika, na katikati hakuna anayerudisha. Mkojo, ambao una sehemu kubwa ya naitrojeni, huo hata ukibeba samadi kwa toroli huupati. Unazama pale pale au unapaa na ile harufu inayochoma macho alfajiri.

Nikamwomba ng'ombe walale kwangu, juu ya Entebbe, wiki mbili. Akanitazama. "Afande, unataka kulinda ng'ombe wangu bure?" Nikasema ndiyo. Akaona nimechanganyikiwa, akakubali.

Yule kijana wa Moroto ndiye aliyejenga boma: matawi ya miiba yaliyopangwa vichwa nje, mashina ndani, mlango wa tawi moja zito. Akalifanya dogo, ng'ombe wakabanana. Nilidhani amekosea vipimo. "Hapana mzee, wakikaa mbalimbali watakuwa wanakutembelea tu." Kila ng'ombe wa kienyeji hudondosha kwa usiku kama kilo moja ya samadi ukiipima ikiwa kavu. Arobaini kwa usiku kumi na nne, piga mwenyewe. Kwato zilivunja lile gamba la juu. Siku ya nne mchwa walitoka, wakafunika samadi kwa udongo mbichi, wakaanza kuishusha chini. Nilisimama na kurunzi usiku nikiwaangalia adui zangu wakinifanyia kazi ya kibarua.

Baada ya wiki mbili boma likasogezwa hatua chache, na tena. Mvua zilipokuja, viraka vya kwanza vikaota nyasi. Si nyasi nzuri mwanzoni, magugu mengi, lakini Entebbe ilikuwa imeanza kufungwa. Watoto wakalalamika hawana pa kuchezea.

Shambani nimeacha kufagia. Mabua yanalala yalipoanguka, na kila nikipita mkono unawasha kutaka kiberiti. Mama watoto alitaka tuhamie muhogo, kwa ile imani kwamba muhogo hauhitaji rutuba. Unavumilia, kweli, ila mizizi yake huondoka na potasiamu nyingi, kwa hiyo tumekubaliana ekari moja, siyo nne. Kunde zinakaa kati ya mahindi. Kichaka kile hakuna anayekigusa. Nimepanda na miti mingine, ingawa majirani wengi hawathubutu. Kibanja kikiwa juu ya ardhi ya mtu, unamlipa busuulu, yaani kodi ya ardhi, na bado hujui mwanawe atakuja na karatasi gani kesho. Anayeogopa kufukuzwa hupanda kinachovunwa kwa miezi mitatu, na wala simlaumu.

Msimu uliopita nilipata magunia 17. Wale wa kambini sikuwatumia picha.

Tatizo langu la sasa ni Hajjati, mke wa mzee jirani. Aliona nyasi za Entebbe, akaenda kuangalia migomba yake, akarudi akauliza kwa nini samadi yake inalala kwa askari. Juzi alinijia yeye mwenyewe, akakaa kwenye kigoda, akanywa chai yote kabla ya kusema shida yake. Anataka gunia mbili za mahindi kila msimu, la sivyo ng'ombe wanarudi kulala nyumbani. Nikamwambia, Hajjati, hao ng'ombe mchana wanakula mabua yangu. Akasema, na mabua yako yameota kwa mavi ya nani? Tumefika gunia moja na debe mbili za kunde. Hajakubali, na hajakataa. Jana usiku ng'ombe walilala kwake.